Springi Laini za Kwenda Ikutha

Jirani yangu alichukua karibu mwaka mzima kununua thamosi. Simsengenyi, maana haya nilimwambia usoni mara nyingi na yeye akacheka. Kwanza aliazima ya kanisa, akatia maji yanayochemka jioni, akayaonja asubuhi. Kisha akaazima yetu. Kisha ya mwalimu mkuu. Kila moja aliitolea maoni kama mtu anayeandika ripoti: hii inashika moto lakini mdomo wake unamwaga, hii haimwagi lakini chai inanuka plastiki. Siku ya kununua ilipofika, akarudi kutoka mjini Wote mikono mitupu. Dukani kulikuwa na rangi mbili, na yeye hakuwa amejiandaa kwa mambo ya rangi.

Tulimwita Daktari. Alikuwa daktari wa mifugo, mtu wa serikali hadi alipostaafu, na hapa kwetu Kalamba jina hilo lilimtosha. Hata mkewe alimwita hivyo, na yeye mkewe tukamwita Mama Daktari. Boma lao na letu yalitenganishwa na ua wa minyaa ambao kuku wangu hawakuutambua kama mpaka.

Mimi mwenyewe sina mengi ya kusimulia. Nilimaliza kidato cha nne, nikarudi nyumbani nipumzike kidogo kabla ya kuanza maisha, na mpaka leo napumzika. Nina kiduka cha dirishani: sabuni, chumvi, kiberiti. Mke wangu husema nikitumwa Wote naaga watu kama anayekwenda ng'ambo, na nikirudi nataka kupokewa na kwaya. Kwa hiyo dunia nyingi niliyoiona niliiona kupitia dirisha hilo, na sehemu kubwa ya niliyoyaona humo ni Daktari akichagua kitu.

Lakini umpe ng'ombe sasa. Hapo ungeona mtu mwingine kabisa. Aliamua akiwa bado anatoka langoni kuja zizini. Kuna mama mmoja jirani, mjane, ambaye ng'ombe wake wa pekee aliteleza kwenye korongo. Daktari alimtazama mnyama akiwa amelala, akamgusa nyonga kwa mkono mmoja, akainuka.

"Mchinje leo," alisema.

"Daktari, hakuna dawa? Hata ya kujaribu?"

"Dawa iko. Itamfanya afe wiki ijayo badala ya leo. Wewe unataka hiyo wiki iwe ya nani, yako au yake?"

Mama akaanza kulia. Daktari akamngojea amalize, kwa upole kabisa, kisha akamwuliza kisu kiko wapi. Nilimwambia baadaye kwamba angeweza kumpa yule mama pole kwanza. Akasema pole ni kazi ya pasta, yeye kazi yake ni kumwambia mtu kilicho mbele yake. "Mnyama hawezi kuniambia ngoja kidogo," alisema. "Kwa hiyo mimi pia simwambii ngoja."

Basi mtu huyohuyo, aliyeingiza mkono wake ndani ya ng'ombe hadi begani bila kukunja uso, alikuwa akiogopa paka. Si kuwachukia, kuwaogopa. Paka wetu akilala kwenye ngazi ya duka langu, Daktari alisimama mbali, karibu na tangi la maji, akaitisha kiberiti chake kwa sauti kama mtu aliye ng'ambo ya mto. Mke wangu alikuwa akimwambia, "Daktari, huyo paka ameshiba, hatakula mtu leo." Na yeye: "Leo. Umesikia ulivyosema? Leo."

Jambo lingine alilokuwa nalo ni nthoni. Hilo ni neno letu Wakamba la ile heshima na haya kati ya mtu na wakwe zake, na kwa mama mkwe ndipo inapokuwa nzito. Mwanamume hakai na mama mkwe wake mahali pamoja, hali naye, hamtazami usoni, hasemi naye ana kwa ana. Wakiwa na neno, linapita kwa mtu wa katikati. Vijana wa siku hizi wameilegeza, wengine hata wanapiga picha pamoja wameshikana mabega. Daktari hakuilegeza. Alikuwa mzee wa kanisa, alikuwa na shahada, alikuwa amepandishwa ndege na serikali kwenda kusomea magonjwa ya mbuzi, lakini kwa nthoni alikuwa kama babu yake. Kwenye harusi ya mpwa wake, mama mkwe alifika kutoka Ikutha bila kutangazwa. Nilimwona Daktari, mtu mzima mwenye mvi na suti, akijitosa nyuma ya hema kama mwizi wa kuku. Alikula wali wake amesimama kando ya tangi la maji, sahani ameishika kifuani. Yule bibi naye alipita upande ule amegeuza uso, anatazama mawingu ambayo hayakuwepo. Wote wawili walionekana kuridhika sana. Mama Daktari alicheka hadi akakaa chini.

"Hao wanapendana," aliniambia. "Wangechukiana wangesalimiana."

Sasa gari.

Alilinunua baada ya kustaafu: fobaifo nyeupe, gari la kupita njia mbaya, ndefu, ya zamani, yenye mlango mkubwa nyuma, iliyokuwa imebeba mizigo ya watu wengine miaka mingi. Mwenye gari wa kwanza alikuwa ameongeza majani, vile vyuma bapa, kwenye springi za nyuma ili iweze kubeba madumu ya maji, kwa hiyo ilikuwa ngumu ajabu. Ikiwa tupu iliruka kama punda aliyeumwa na nyuki. Ikijaa watu ilitulia. Na ilijaa watu daima. Ukiwa na gari huku kwetu huwezi kusema umeenda Wote peke yako; ukiwasha injini tu, mtu anatokea na gunia la maembe, mwingine na mgonjwa, mwingine na kwaya nzima yenye ngoma. Daktari hakumkatalia mtu. Alikuwa akisema gari lake limezaliwa na njaa, lisiposhiba watu linarusha mateke.

Kisha Mama Daktari akaanza kuumwa mgongo.

Sitaeleza sana ugonjwa wenyewe. Ulianza mgongoni, wakauita baridi, wakauita kazi nyingi, na ulipopata jina lake ulikuwa umeshaingia kwenye mifupa. Kwenda Wote hospitalini kukawa mateso. Daktari alienda polepole hadi baiskeli zikampita, na bado kila jiwe lilimfikia mkewe. Nikiwa dirishani niliwaona wakirudi, na nilijua barabara ilivyokuwa kwa kutazama tu jinsi alivyoshika mlango kabla ya kushuka. Yeye hakuwa mtu wa kulia. Alisimama kidogo ameshika mlango, kisha akanitania: "Na wewe, bado umekaa hapohapo? Nikuletee mizizi uote kabisa?"

Ilifika siku hospitali ikasema hakuna tena cha kumwendea huko, apewe dawa za maumivu, akae na watu wake. Jioni ile alisema anataka kitu kimoja. Anataka kwenda Ikutha amwone mama yake.

Mama yake asingeweza kuja. Goti lilikuwa limemfungia ndani msimu ule, hata jikoni kwake aliingia kwa kushikwa. Kwa hiyo mtoto ndiye angekwenda. Na njia ya Ikutha, kwa mtu mzima wa mwili, si kitu: unateseka kidogo na vumbi letu mpaka barabara ya Mombasa, unateremka hadi Kibwezi, unashika lami, unavuka Athi, umefika. Shida ni huku mwanzo, na kule mwisho kabisa, kutoka sokoni Ikutha hadi kwao. Pale ni mawe, ni makorongo, ni mto wa mchanga usio na daraja, na mbuzi wanaotembea kwa tahadhari.

"Twende Jumamosi," alisema Mama Daktari.

"Ngoja kwanza nitengeneze gari," alisema Daktari.

Nadhani hata kuku walijua wakati ule kwamba tumekwisha.

Alianza kuchagua springi. Nilijifunza mambo ambayo mtu wa duka la chumvi hana haja nayo. Nilijifunza kwamba zile bomba za kutuliza mruko wa gari, yaani shoki, kuna za mafuta na za gesi, na za gesi hazichoki upesi lakini zinasukuma mgongo. Kwamba ukitaka gari lipite juu ya mawe bila kugusa tumbo unaliinua, na ukiliinua kwa springi ndefu mara nyingi unalifanya gumu. Na yeye alitaka vyote: juu kwa ajili ya makorongo ya Ikutha, laini kwa ajili ya mgongo wa mkewe. Alipiga simu Machakos, akapiga Nairobi. Alisimamisha magari ya watu barabarani akaingia chini yake, miguu tu ikionekana, na wenye magari wakifikiri wamegonga mtu.

Siku moja alinichukua kwenda naye Wote, kwa muuzaji wa vifaa vya magari makubwa. Niliaga kwangu kama kawaida. Muuzaji alikuwa kijana mchangamfu mwenye mikono myeusi ya grisi, na springi zimepangwa ukutani kwake kama mbavu.

"Mzee, hii ndio wote wanachukua," alisema akipigapiga moja. "Hii hata ubebe mawe ya jengo, hailali. Hevi."

"Sitaki hevi."

"Sawa. Hii ya katikati basi. Inameza shimo kama ugali. Lakini niambie, gari yako inabebanga nini?"

Daktari akazitazama springi za ukutani.

"Springi inachaguliwa na mzigo, mzee. Ukiweka ngumu na hauna mzigo, inakurusha. Ukiweka laini na umejaza, inalala inagonga chini, hiyo ni mbaya hata zaidi. Sasa siku zote unabebanga nini? Abiria wangapi? Maji? Mifugo?"

"Mtu mmoja," alisema Daktari.

"Mtu mmoja na mizigo?"

"Mtu mmoja. Amelala."

Kijana akamtazama, kisha akanitazama mimi, kisha akafuta mikono yake kwenye kitambaa ambacho kilikuwa kichafu kuliko mikono. Sauti yake ikashuka. "Ana kilo ngapi, mzee wangu?"

Nilidhani Daktari angejibu mara moja. Alikuwa amekadiria uzito wa fahali kwa macho maisha yake yote, na wachinjaji wa soko zima walimwamini kuliko mizani. Akasema, "Zinapungua." Kisha akatoka nje akasimama juani, na mimi na yule kijana tukabaki tukitazama springi.

Hatukununua siku ile. Alirudi peke yake baadaye, akaleta za laini, majani machache, na shoki ndefu za mafuta. Fundi akazifunga. Ndipo nilipopata kazi yangu ya kwanza rasmi tangu kidato cha nne: nilikuwa mgonjwa wa majaribio.

Nililazwa nyuma kwenye godoro, kifuani nimewekewa bakuli la uji uliopoa. Daktari alisema maji hudanganya, yanamwagika hata ukipiga chafya, lakini uji huenda jinsi mwili unavyokwenda. Akanipeleka hadi kwenye bonde la mchanga na kurudi. Kila mahali alipopita jiwe alisimama, akashuka, akafungua mlango wa nyuma, akatazama uji umefika wapi kwenye shati langu. Hakuniuliza mimi naendeleaje. Nilirudi nyumbani nimekuwa kama mtoto aliyelishwa na baba.

Mama Daktari alikuwa amekaa kibarazani na mito nyuma yake, anatutazama.

"Umefika Ikutha?" aliniuliza.

"Nimefika bondeni."

"Umenishinda."

Daktari alisema springi mpya huwa na ukaidi. Lazima zibebe uzito muda fulani zikae, ndipo zilainike vizuri. Hilo ni kweli, hata kijana wa Wote alilisema. Kwa hiyo akajaza magunia ya mchanga, akaanza kuyatembeza. Wiki nzima, kisha nyingine. Mchanga uliamka asubuhi, ukapakiwa, ukapelekwa Wote, ukarudishwa. Watu walizoea gari lile liwapakie, wakalisimamisha njiani, naye kwa mara ya kwanza akawakatalia, kwa adabu, akisema springi ziko kwenye matibabu. Wengine waliudhika. Mama wa kwaya alikuja dukani kwangu akasema Daktari siku hizi anapakia mchanga na kuacha Wakristo.

Na mkewe, siku moja tukinywa chai sote watatu kibarazani, akasema, "Huo mchanga umetembea. Mimi naujua vizuri tangu ulipokuwa mtoni tu, sasa umeona ulimwengu."

"Zinakaribia kukaa," alisema Daktari. "Nimebakisha bushi, ile mipira ya kwenye maungio ya springi. Hizi za mpira mgumu zinapitisha mtetemo. Nimeagiza za mpira laini kutoka Nairobi."

"Daktari."

"Zitafika wiki hii."

"Daktari, twende tu hivi. Nitaumia, ndio. Nitapiga kelele kidogo, mawe ya Ikutha yananijua. Nikifika, mama yangu atanishika."

"Ukiumia njiani katikati, nitafanya nini? Pale mtoni hakuna hata mti wa kivuli. Nitakufanya nini?"

Nilitafuta kisingizio cha kuondoka, na mimi kwa visingizio si maskini, lakini siku ile sikupata hata kimoja. Mama Daktari akaweka kikombe chini taratibu.

"Ningekuwa ng'ombe," alisema, "ungeshaniambia siku ya kwanza."

Alisema kama utani. Hata alitabasamu. Daktari aliinuka, akaenda kupima upepo wa magurudumu, na alikaa huko akichuchumaa karibu na gurudumu moja kwa muda mrefu kuliko upepo wowote unavyohitaji.

Sijui kama alikuwa akingoja bushi kweli. Nimefikiri sana juu ya hilo, na wakati wa kufikiri ninao. Labda mtu aliyezoea kuona mwisho kutoka langoni, safari hii alikataa kufika zizini. Maadamu gari halijawa tayari, safari bado iko mbele, na mwenye safari bado yupo. Labda sivyo. Labda alikuwa tu yule mtu wa thamosi.

Mama Daktari alifariki asubuhi, siku ya kawaida, watu wakienda sokoni. Bushi zilikuwa zimefika jana yake. Gari lilikuwa juu ya mawe uani, magurudumu ya nyuma yametolewa, springi zimening'inia.

Kwa hiyo alibebwa na pikapu ya muumini mmoja, gari la kubebea saruji, gumu kama jiwe lenyewe. Tulipanda nyuma na Daktari. Nilitegemea akae kimya ameinamisha kichwa, kama wanaume wanavyofanya. Hakukaa. Alipiga magoti kando ya mwili, akaweka mikono yake miwili chini ya mgongo wa mkewe, na kila tulipofika kwenye jiwe au bonde aliunyanyua kidogo, upite, kisha akaulaza tena. Alifanya hivyo njia yote hadi chumba cha maiti Wote. Dereva aliona kwenye kioo, akapunguza mwendo bila kuambiwa. Hatukumwambia Daktari aache. Nani angemwambia?

Mama mkwe wa Daktari hakuweza kuja kwenye mazishi. Goti.

Baada ya matanga, Daktari alimaliza kazi ile. Alizifunga zile bushi laini mwenyewe, akarudisha magurudumu, akaliosha gari, akaliegesha. Watu walipokuja kuomba kubebewa kitu aliwaambia, "Gari hili sasa haliwezi uzito," na ilikuwa kweli. Lingelala chini. Mama wa kwaya aliacha kununa, na siku moja nilimwona akipita karibu na gari lile akaligusa bodi kwa kiganja, kama unavyomgusa mtoto wa mtu.

Mvua zikaja zikapita. Ndipo habari ikafika kutoka Ikutha kwamba goti la susu, yaani yule bibi mama mkwe wake, limepata nafuu, anatembea na mkongojo, na anataka kuona mahali mtoto wake alipolala. Daktari alikuja dukani kwangu. Alisimama karibu na tangi, maana paka alikuwepo.

"Nitamleta," alisema. "Lakini unajua mambo yetu. Siwezi kuwa naye peke yangu ndani ya gari. Lazima awepo mtu."

"Mtu gani?"

"Mtu asiye na shughuli."

Mke wangu akacheka huko ndani. "Daktari, hapo umechagua haraka!"

Basi nilikwenda Ikutha. Sijawahi kufika mbali hivyo. Niliaga hadi majirani wakachoka. Tuliondoka alfajiri, tukala vumbi letu, tukashika lami, tukavuka Athi, na Daktari hakusema mengi. Lakini tulipoacha soko la Ikutha na kuingia yale mawe niliyokuwa nimeyasikia mwaka mzima, nilikaza mikono kwenye kiti nikafumba macho. Nikangoja. Nikafumbua. Gari lilikuwa linapita juu ya mawe yale kama mtu mnene anayetembea peku juu ya mkeka. Liliinama, likainuka, likashuka kwenye mchanga wa mto na kupanda upande wa pili, na mimi sikurushwa. Nilimtazama Daktari nimpongeze. Nikaona uso wake, nikatazama barabara.

Kule bomani alisimama nyuma ya gari, ametazama vichaka, mgongo umenyooka, hadi susu alipopandishwa. Alikuwa bibi mdogo, mkavu, leso kichwani. Mke wa mjukuu wake alikuwa amefunga leso nyingine kutoka upande hadi upande, kati ya viti vya mbele na vya nyuma, wasionane. Mimi nilikaa mbele nimegeuka ubavu, nusu ya uso upande huu, nusu upande ule, kama karani wa mahakama.

Tulikwenda. Baada ya mto, sauti ikatoka nyuma ya leso, kwa Kikamba cha polepole.

"Mwambie gari hii hairushi."

Daktari alikuwa amesikia, alikuwa karibu naye kuliko mimi. Nikamwambia, "Susu anasema gari hairushi."

"Mwambie asante."

"Anasema asante, susu."

"Muulize kama ndiyo hii alikuwa amletee mtoto wangu."

Nikamwambia Daktari, "Anauliza kama ndiyo hii—"

"Mwambie ndiyo."

"Ndiyo hii, susu."

Mawe yakapita chini yetu moja baada ya jingine, bila sauti. Nilianza kuomba lami ifike. Kisha susu akasema, bila ukali wowote, kama mtu anayeuliza bei ya mahindi:

"Muulize alikuwa anangoja nini."

Hilo sikulipeleka. Daktari akakanyaga breki, gari likasimama katikati ya njia, injini ikiendelea. Aliweka mikono yote miwili juu ya usukani akaitazama. Mbuzi walikuwa wanavuka mbele yetu na hakuna aliyewapigia honi.

"Mwaitu," alisema, yaani mama. Hakuniambia nimwambie mtu yeyote. "Mwaitu, nilitaka asiumie."

Tangu aoe hakuwahi kumwambia mama mkwe wake neno. Niliangalia magoti yangu. Leso ilitikisika kidogo, sijui ni upepo wa dirishani au ni mkono. Mbuzi wa mwisho akavuka, na Daktari hakugeuka.

"Mwambie nimesikia," alisema susu.

Nikamwambia.